Mkalimani na Mkanda wa Mkwe

Kila niliporudi Tabora kutoka nilikokuwa, Mkalimani aliniuliza swali lilelile kabla sijatua begi: "Huko wanachekaje?"

Mara ya kwanza nilidhani ananikejeli. Nilikuwa nimetoka Kigoma, nimechoka, treni imechelewa kama kawaida yake. Nikamwambia watu wa Kigoma wanacheka kama watu wote. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu baya.

"Basi hukufika Kigoma," akasema. "Ulipitishwa tu."

Tangu siku hiyo nikajifunza kusikiliza. Nikaja kumweleza kwamba wachimbaji wa Kahama hucheka kwa kifupi, kama mtu anayekohoa, maana vumbi limewajaa kifuani. Kwamba Dodoma nilimkuta mama muuza ukwaju anayeziba mdomo kwa kanga, kisha mabega yake ndiyo yanayocheka. Hayo aliyapenda. Aliyachukua akayatia kwenye kazi yake, na haikupita wiki ungesikia kikohozi cha Kahama kikitoka kinywani mwa jambazi wa Kichina.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alikuwa na banda la video mtaa wa Kitete, kuta za mabanzi na paa la bati, mabenchi marefu, runinga kubwa mbele, na yeye pembeni ameshika maiki. Filamu aliziita mikanda, hata baada ya mikanda yenyewe kwisha duniani na zote kuhamia kwenye flashi ndogo kama kucha. Hakujua lugha yoyote ya kigeni. Kiingereza chake kingejaa kwenye kisoda. Alichofanya ni kuutazama mkanda peke yake asubuhi, amezima sauti, mara nyingi, akiangalia mikono ya watu. "Mtu akitaka kuomba kitu," aliniambia, "mkono unatangulia. Mimi naufuata mkono."

Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akija karibu kila Jumapili na ambaye Kiingereza alikijua barabara. Alikuwa akivumilia, akivumilia, mpaka pumzi inamwisha.

"Mkalimani! Huyo bwana hakusema hivyo hata kidogo!"

"Alitaka kusema hivyo, mwalimu. Aliogopa mke wake."

Banda zima linaangua kicheko, na mwalimu naye anacheka, na Jumapili inayofuata yuko palepale.

Mimi nilipanga chumba nyuma ya banda hilo. Nasema nilipanga, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakipanga na kukiacha. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikaona mahindi yangu mwenyewe yakikomaa. Nikichoka, narudi Tabora. Yeye alikuwa kinyume changu kabisa. Reli inapita mjini kwetu ikagawanyika, huku Kigoma, huku Mwanza, na mtu huyu hakuwahi kupanda treni hata mara moja. Mwisho wa safari zake ulikuwa Igunga, kwenye msiba, na alirudi siku ileile. Hata hivyo ukimsikia akieleza mitaa ya miji ya Wazungu ungeapa amekaa huko na kufukuzwa kwa kudaiwa kodi.

Akiulizwa kwa nini hasafiri, alisema wazee wake walishamsafiria. Walipita hapo Kwihara na mizigo ya watu mabegani, wakaenda hadi pwani, wakarudi, wakaenda tena. "Miguu ya ukoo wetu imechoka," alisema. "Mimi nimepewa mdomo."

Na mdomo huo hasa ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu ulikaribia kumkosesha binti yake ndoa.

Asiyekaa kwetu anaweza asielewe utani ulivyo. Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwenye nchi za watu na misafara, walihitaji maji, walihitaji chakula, walihitaji kupita bila kupigwa mishale. Ndipo wakawa watani wa wale waliowakuta njiani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkeo, akachukua kofia yako akaondoka nayo, na wewe ukakasirika ukaonekana mshamba. Mpaka leo Mgogo akikutana na Mnyamwezi stendi, hawajui hata majina, wanaanza kushambuliana kama ndugu waliogombania shamba. Kwa Mkalimani utani ulikuwa chumvi. Hakuweza kumpa mtu maji ya kunywa bila kuyatia utani. Aliwatania Wagogo na Wazaramo kwa haki, na wengine wote aliwatania kwa kujipa ruhusa mwenyewe.

Fundi viatu aliyekaa mlangoni mwa banda alikuwa Mgogo. Nimewasikia hawa wawili kwa miaka mingi kupitia ukuta wa mabanzi.

"Wewe Mgogo, umekula leo?"

"Nimekula. Nimekula kwako, hukuniona?"

"Ndiyo maana mbwa wangu amekonda."

"Nyinyi mlipita kwetu mmebeba mizigo ya Waarabu mpaka leo mabega hayajanyooka. Ukija kupima koti, fundi cherehani anadhani umeinama kuokota kitu."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutaniwa kirahisi. Ungeweza kumcheka meno yake, kofia yake ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa kali, wimbo wake wa kanisani aliouimba nje ya tuni, maana alikuwa Mmoraviani wa kuwahi ibada. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Lakini utani uliomgusa Nyamizi, binti yake pekee, haukuruhusiwa. Kijana mmoja wa bodaboda alisema neno dogo tu juu ya mwendo wake Nyamizi, neno ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa sifa. Mkalimani alizima runinga katikati ya mkanda, akamrudishia kijana kiingilio chake mkononi, akasimama mpaka kijana alipotoka. Kisha akawasha tena, akaendelea pale alipoishia. Mama yake Nyamizi alifariki msichana akiwa mdogo. Yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha ushonaji, na alimjua kwa namna ambayo baba wengi hawawajui binti zao.

Banda lake lilikuwa na sheria moja. Mkanda ukiisha, taa zinawashwa, na yeye anavuta kiti chake anakikalia mlangoni. Hakuna kutoka bila neno. Kila mtazamaji alipaswa kusema ameonaje: nani mkosaji, nani alionewa, wapi palimchoma. Hakubishana na mtu. Aliinamisha kichwa akasikiliza kama padri anayesikiliza maungamo, akisema tu, "Haya. Mwingine." Wenye haraka walinung'unika, lakini nadhani nusu ya watu walikuja kwa ajili ya hilo. Mahali pengine hakuna aliyewauliza wameonaje jambo lolote.

Mkanda uliozungumzwa kuliko yote ulikuwa wa vichekesho, wa zamani sana, mweusi na mweupe. Ulikuwa na jina lake, lakini kwenye flashi lilikuwa limekatika, na hakuna aliyejua umetoka nchi gani. Sisi tuliuita Mkanda wa Mkwe. Kijana wa mjini mwenye kofia anapanda mpaka kijiji cha mlimani kwenda kuposa. Desturi za huko hazijui, nao za kwake hawazijui, na kila upande una adabu mpaka basi. Sehemu iliyowaua watu kwa kicheko ni ya kusindikizana. Kijijini, mwenye nyumba humsindikiza mgeni mpaka mlangoni pa nyumba anakolala. Kwa yule kijana, inaonekana, mtu akikusindikiza ni lazima nawe umrudishe kwake. Basi mzee anamfikisha kijana, kijana anamrudisha mzee, mzee anamfikisha tena. Wanatembea hivyo mpaka jogoo anawika, kofia imepotea, viatu viko mkononi, kila mmoja anamngoja mwenzake achoke, na wote wanatabasamu.

Nimesikia maoni ya mkanda huo kuliko ya hotuba yoyote.

"Kosa ni la kijana," mwalimu mstaafu alikuwa akisema. "Ukienda ugenini unauliza kwanza."

"Aulize nini?" Huyo ni Mama Sikitu, muuza maandazi. "Utauliza vipi jambo ambalo hujui kama lipo? Unalijua ukishalikosea."

Kijana mmoja mfugaji wa Igunga aliyekuja kuuza ng'ombe alikunja uso muda wote. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi nauliza, mifugo ya huyo mzee ilikuwa inalindwa na nani?"

Na Mgogo: "Mimi naona wote wawili ni Wanyamwezi. Hakuna watu wengine wanaoweza kwenda na kurudi njia moja usiku kucha bila kuuliza kwa nini."

Ndani ya mkanda huo kuna bibi kizee, bibi yake bibi harusi, anayekaa karibu na moto na kumwangalia kijana kama anayenunua punda. Mahali fulani anamnyoshea kidole anamwuliza kitu, kijana anameza mate, na jamaa wote wanamgeukia. Bibi aliuliza nini hasa, Mungu ndiye ajuaye. Mkalimani alimpa maneno yake mwenyewe: "Na wewe, utarudi lini kwenu?" Kisha hapo, na hapo tu, alikuwa akiacha runinga, anaugeukia ukumbi, anachagua mtu mmoja aliyetoka mbali na kumwuliza swali hilohilo kwenye maiki. Watu waliisubiri sehemu hiyo. Mgogo alikuwa na jibu jipya kila mara. "Nitarudi nikimaliza kuwafundisha kuoga!" Mzaramo mmoja dereva wa lori alijibu, "Nitarudi na dada yako!" Ulikuwa mchezo wetu, na kwetu swali hilo ni kama kumwambia mtu, wewe ni wa hapa, sasa jitetee.

Nyamizi alipata mchumba. Jina lake Emanueli, fundi pikipiki, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, na kwao ni Ulyankulu. Wazazi wake waliletwa huko wakiwa wadogo, wakikimbia mauaji Burundi pamoja na wazee wao. Walipewa pori, wakalifyeka, wakalima tumbaku na mahindi, na baada ya miaka mingi wakapata uraia. Emanueli alizaliwa hukohuko, na Kiswahili chake ni cha Tabora kama changu. Jambo lililokuwa gumu lilikuwa kanisa, maana wao ni Wakatoliki, lakini wazee waliliongea likaisha. Mshenga alikwenda akarudi na uso mkunjufu. Ikapangwa wazazi wa Emanueli waje Kitete, walale kwa jamaa yao, na Jumatatu asubuhi wakae na upande wa bibi harusi mbele ya shangazi yake Nyamizi, kumaliza maneno.

Walifika Jumapili mchana. Mkalimani, kwa furaha yake, akasema hawezi kuwaacha wakwe zake wakae bure mpaka kesho. Akaweka viti viwili vya kuegemea mbele kabisa, akavitandika vitambaa alivyoshona Nyamizi, na akatangaza mtaa mzima kwamba leo hakuna kiingilio. Nilikuwepo. Nilikaa benchi la pili, nyuma yao kidogo upande wa kulia. Baba yake Emanueli alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la kijivu, mikono ameiweka magotini. Mama yake alikuwa amejifunga kitenge kipya ambacho mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Walicheka kwenye kofia. Walicheka kwenye kusindikizana, mama zaidi. Alimpiga mumewe begani kidogo, kama anayemkumbusha jambo lao. Nikamwona Mkalimani amewaona, na nikaona raha iliyomjaa. Alikuwa akitafsiri siku hiyo kama mtu aliyepewa miaka ya ziada.

Nilijua bibi kizee anakuja. Nilitazama viti vile viwili, nikamtazama Mkalimani, na sikuamini kwamba angefanya. Hata Mgogo mlangoni aliinua kichwa.

Bibi akanyosha kidole. "Na wewe, utarudi lini kwenu?" Mkalimani akageuka. Akapita mabenchi yote kwa macho kama kawaida yake, akachezea watu roho, halafu akashuka mpaka kwenye koti la kijivu.

"Na wewe, mkwe wangu, mzee wa Ulyankulu! Utarudi lini kwenu?"

Banda likalipuka. Watu walipiga makofi kwenye mabenchi, wakasubiri jibu, kama walivyosubiri kila mara. Kicheko kikakaa, kikaanza kupungua, kikabaki kwa watu wachache wa nyuma ambao hawakuona, kikaisha. Runinga iliendelea kusema lugha yake, na hakuna aliyeitafsiri. Mama yake Emanueli alisimama. Mumewe, bila kugeuza shingo, alimshika mkono, mama akakaa tena. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na kopo tupu la viingilio, ameliziba mdomo kwa mkono kana kwamba litapiga kelele.

Mkalimani akainua maiki akaendelea. Nilimsikia akikosea. Alimpa kijana sauti ya mzee.

Wale wawili walikaa mpaka mwisho. Ningependa wangeondoka, ingekuwa rahisi kwetu sote. Mkanda ukaisha, taa zikawashwa, na mtu huyu, sijui kwa mazoea au kwa kuchanganyikiwa, akavuta kiti chake akakikalia mlangoni. Mwalimu akasema neno fupi lisilo na maana. Mama Sikitu akasema leo hana la kusema, akasema hivyo akitazama chini. Zamu ikafika mbele.

"Nimeona watu wawili wanatembezana usiku kucha, kila mmoja anaogopa kumkosea mwenzake," alisema baba yake Emanueli taratibu. "Mnawacheka. Na mimi nimecheka. Hilo ndilo neno langu."

"Haya," Mkalimani akasema. "Mama?"

"Mimi naomba mlango," alisema mama yake Emanueli.

Mkalimani akaondoa kiti.

Jumatatu shangazi yake Nyamizi alifika mapema kutoka Isikizya, kuku wameshachinjwa, mikeka imetandikwa. Aliyekuja ni mshenga peke yake. Wageni walikuwa wameondoka na gari la alfajiri. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: wanashukuru kwa mapokezi, maneno ya posa yasimame kwanza. Shangazi alisikiliza habari yote ya jana mpaka mwisho, kisha akamwita kaka yake uani. Nyumba yao nayo ni ya mabanzi, ukuta kwa ukuta na chumba changu, kila kitu kinasikika.

"Tangu lini mkwe akataniwa?"

"Dada, mimi nilitaka wajione wako nyumbani."

"Mkwe unamwinamia. Mkwe unampisha njia. Baba yetu alipokutana na mama mkwe wake njiani aliingia porini mpaka apite! Wewe umemshikia maiki."

"Hatuna utani nao. Nilisema tuuanze sisi."

"Uanze utani na mtu aliyekuja kwa miguu akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake? Kwa swali lile?"

Jioni hiyo hakufungua banda, wala kesho yake. Nyamizi alikuwa akipita mbele yake na ndoo ya maji, hamsemeshi, na kwa mtu yule kutosemeshwa na Nyamizi kulikuwa adhabu kubwa kuliko ya dada yake. Alikonda usoni. Nilipomsalimia aliitikia akitazama pembeni.

Nilikwenda kwa Emanueli kibandani kwake. Alikuwa amefungua injini, hakuinua macho.

"Kaka, mimi sina ugomvi naye. Namjua. Ananitania kila siku na sijali," alisema. "Lakini hilo swali mama ameulizwa na kila mtu mwenye mhuri. Ameulizwa sokoni. Ameulizwa na watoto wa shule. Kuna wakati ilikuwa tuondoke kweli, tukauza mbuzi, tukafunga mizigo, tukakaa juu ya mizigo. Halafu anakuja kuposa, amevaa nguo mpya, anaulizwa tena, na watu wanampigia makofi."

"Mama anasemaje sasa?"

"Hasemi. Ndiyo shida. Angesema ningejua pa kuanzia." Akafuta mikono kwa kitambaa kichafu zaidi ya mikono. "Mwambie baba yake Nyamizi aende mwenyewe. Asitume mtu. Akituma mtu imekwisha."

Hivyo ndivyo mtu ambaye mwisho wa safari zake ulikuwa Igunga alivyopanda nyuma ya pikipiki, mimi naendesha, Emanueli ametangulia na yake. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Barabara ya kwenda Ulyankulu ina mchanga mahali pengine na makorongo mahali pengine, miyombo pande zote, kisha mashamba, kisha mabani ya kukaushia tumbaku yenye moshi mwembamba. Njia nzima alikuwa akisema kitu mgongoni mwangu. Nilidhani anasali. Kumbe anafanya mazoezi: "Mzee mwenzangu, nimekuja mbele yako..." anaanza upya, "Mzee wangu, mbele yako na mbele ya mama..." Alijaribu sauti nyingi. Hakuna hata moja iliyomkaa.

Tulifika kabla ya saa sita. Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Tulipewa viti chini ya ukuta, kwenye kivuli. Hatukupewa maji. Kwetu hata adui anapewa maji, na sote wawili tuliliona hilo. Emanueli aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Ndani nilisikia Kirundi, sauti ya chini ya mwanamke, sentensi moja moja.

Baba yake akatoka na koti lilelile. Mkalimani akasimama.

"Mzee wangu, nimekuja mbele yako..."

"Ngoja," alisema. "Wewe uliniuliza swali. Njoo nikujibu."

Akatangulia. Tukamfuata nyuma ya nyumba, tukapita shamba la mihogo, mpaka mahali palipozungushiwa ua wa minyaa. Ndani kulikuwa na makaburi, mengine yana misalaba ya saruji, mengine ya mbao iliyoliwa na mchwa. Mama yake Emanueli alikuwa ametufuata. Alisimama kwenye mwanya wa minyaa, mikono ameikunja, hakuingia.

"Huyu ni baba yangu," alisema mzee, akigusa msalaba wa kwanza. "Alikufa mwaka tulioanza kuvuna. Hawa wawili ni watoto wangu, kabla ya Emanueli. Huyu kaka yangu, kule dada yake mke wangu. Na huyu ni mama yangu, aliyenibeba." Akamgeukia Mkalimani. "Kwetu ni hapa. Nimekujibu?"

Mkalimani alifungua mdomo. Nilimwangalia nikamwonea huruma, na nikaogopa, maana namjua; niliogopa asije akatafuta neno la kuchekesha. Alivua kofia yake ya sufu. Akatembea mpaka kwenye kaburi la baba, akainama kama anavyoinamiwa mkwe, mikono magotini, akasema, "Shikamoo mzee." Akahamia kwa wale watoto, akawaambia hamjambo. Akaenda hivyo kaburi moja baada ya jingine, hakuruka hata moja, suruali ya suti inanasa kwenye majani, na mwenye nyumba anamtazama. Emanueli alitaka kwenda kumshika mkono. Baba yake akamzuia.

"Mwache."

Akafika kwenye kaburi la mama yake mzee. Alisema shikamoo ambayo hata mimi niliyekuwa karibu sikuisikia vizuri.

Upepo ukapita kwenye mihogo.

"Huyo alikuwa hasikii," alisema mama yake Emanueli kutoka kwenye mwanya. Sote tuligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu vilevile. "Tulikuwa tunampigia kelele kama tunafukuza nyani. Ongeza sauti."

Mkalimani akamtazama. Akainama tena na kusema kwa nguvu, kiasi kwamba kuku waliokuwa kwenye mihogo walitimka, "Shikamoo mama!"

"Marahaba," akaitikia yeye kwa niaba ya marehemu. Kisha akageuka kurudi nyumbani, na akiwa anakwenda alisema bila kututazama, "Nyamizi aje na shangazi yake. Nyinyi wanaume mtakunywa maji, mtaondoka. Haya mambo hamuyawezi."